FUNDI MGENI NA SANDUKU LETU LA KURA

Ndugu wafanya kazi,

Kabla sijaingia katika jambo lenyewe nataka kuwapa habari ya mashine moja. Katika kiwanda nilichofanya kazi zamani, tajiri alinunua mashine mpya kutoka ng'ambo. Pamoja na mashine akaja fundi mgeni, mtu mpole, asiyemtukana mtu, tena alikula maharagwe pamoja nasi bila kuona haya. Kwa muda wa wiki tatu aliifunga ile mashine, ikanguruma, tukapiga makofi, naye akaenda zake kwao. Haikupita miezi minne mashine ikasimama. Mafundi wetu walikuwa na spana, na akili walikuwa nazo, lakini sanduku la umeme la mashine ile lilikuwa limefungwa kwa namba ya siri, na namba hiyo alikuwa nayo yule mgeni peke yake. Akatafutwa kwa simu, tukaambiwa yuko safarini katika nchi nyingine. Siku tisa tulikaa nje ya lango bila kazi, na siku hizo tisa hatukulipwa hata senti. Chama kilipopeleka malalamiko, tajiri alisema kosa si lake ni la fundi. Fundi alipoulizwa alisema kosa si lake ni la mkataba. Na aliyekosa unga nyumbani alikuwa mimi na wewe.

Tangu siku ile nilijifunza neno moja. Usimalize pumzi yako ukiuliza kama fundi mgeni ni mtu mwema au mbaya. Uliza ufunguo utabaki kwa nani.

Neno hilo ndilo ninalotaka kulipeleka leo kwenye sanduku la kura.

MABISHANO YA SAA YA CHAKULA

Kila uchaguzi unapokaribia husikia watu wakibishana saa ya chakula, na pande huwa mbili. Upande wa kwanza husema: "Sisi Wakenya hatuaminiani. Kila mtu ana kabila lake na mtu wake. Basi tuwaite wageni walete mitambo yao, wachape karatasi zao, wakae watuangalie. Mgeni hana kabila, kwa hiyo hana upande." Upande wa pili husema: "Wageni ndio wezi wa kura. Wafukuzwe wote uwanja wa ndege."

Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanadhani kwamba kutokuwa na upande ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho, kama rangi ya ngozi, au hupewa pamoja na pasipoti. Sivyo. Refa hachezi haki kwa sababu anatoka wilaya nyingine. Hucheza haki kwa sababu sheria za mchezo zajulikana na kila mtu, watazamaji wanamwona, na akipokea hongo ataadhibiwa. Ondoa hayo matatu, hata refa wa kutoka mwezini atauza mchezo.

Vivyo hivyo mgeni anayekuja kutusaidia uchaguzi. Haki yake haitoki kwao. Hutoka katika masharti tuliyompa sisi tulipomwajiri. Na sisi wafanya kazi, tunaojua maana ya masharti ya kazi kuliko watu wengine wote, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema jambo hili.

TULIANZAJE KUITA MAFUNDI

Wakubwa kwa umri mwakumbuka. Tarehe 27 Desemba 2007 tulipiga kura kwa amani, tukasimama foleni tangu alfajiri. Siku tatu baadaye nchi iliwaka moto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na mamia ya elfu walifukuzwa makwao. Katika waliouawa na kufukuzwa walikuwamo wafanya kazi wa mashamba ya chai na wa mashamba ya maua ya Naivasha, watu waliokuwa wakifanya zamu moja na kula sahani moja. Huko Kibera reli ya kwenda Uganda iling'olewa. Mtu wa reli, mtu wa lori, mtu wa bandari, wote walikaa bila kazi.

Kisha akaletwa jaji wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, aongoze tume ya kuchunguza uchaguzi ule. Mwaka 2008 tume yake ilisema jambo la kusikitisha sana, kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi ambacho haiwezekani kujua ni nani aliyeshinda. Hebu lifikirini neno hilo. Watu zaidi ya elfu moja walikufa kwa ajili ya hesabu ambayo hakuna mtu awezaye kuijua.

Basi ndipo tulipoamini kwamba dawa ni mtambo, na mwenye mtambo ni mgeni. Siwalaumu walioamini hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini tazameni sasa yaliyofuata.

KUKU NA MAGARI YA WAGONJWA

Katika mji wa Eastbourne, Uingereza, kulikuwa na kampuni ya kuchapa iitwayo Smith & Ouzman. Ilichapa karatasi za kura na karatasi za mitihani kwa nchi mbalimbali. Watu waliitumaini kwa sababu ni ya Ulaya, nayo haina jamaa hapa wala shamba. Lakini Desemba 2014 mahakama ya London iliihukumu kampuni hiyo, pamoja na wakubwa wake wawili, kwa kosa la kuwahonga maofisa wa Kenya na wa Mauritania ili ipewe kazi. Katika barua zao hongo hiyo iliitwa "kuku". Januari 2016 kampuni ikaamriwa kulipa jumla ya pauni milioni 2.2. Na mwaka 2017 Serikali ya Uingereza ilitupa magari ya wagonjwa, yaliyonunuliwa kwa fedha zilizopokonywa katika kesi hiyo.

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa macho mawili. Jicho la kwanza laona kwamba fundi wa ng'ambo, asiye na kabila, alihonga. Jicho la pili laona kwamba kuku hakujila mwenyewe. Kama mtoaji alikuwa Mwingereza, mpokeaji alikuwa Mkenya, mwenye ofisi, mwenye kiti, anayelipwa mshahara kwa kodi inayokatwa katika bahasha yako ya mwisho wa mwezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayetaka kumfukuza mgeni peke yake na kumwacha mwenyeji aliyekula kuku, huyo hataki haki, anataka kuku wengine.

Jambo la tatu ni hili, na ni la aibu kwetu. Mahakama ya Waingereza ndiyo iliyotangulia kuhukumu. Mtu akiniuliza wageni wamefaa nini katika uchaguzi wetu, sina budi kujibu kwamba hapo walifaa. Haki ni haki, hata ikitoka kwa jirani.

BETRI NA UFUNGUO

Katika uchaguzi wa 2013 Kenya ilileta mitambo ya kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, kiasi cha 15,000, iliyotengenezwa na kampuni ya Ufaransa na kupatikana kupitia Serikali ya Kanada. Zabuni ya kawaida ilikuwa imevunjika katikati ya magomvi. Kwa siku 30 tu makarani wetu, vijana wa Kenya, waliandikisha watu zaidi ya milioni 14. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, na yafaa isifiwe. Lakini ilipofika siku yenyewe, tarehe 4 Machi 2013, vyombo vingine vya kutambua wapiga kura vilikufa mahali pengi. Betri ziliisha, na katika vyumba vya madarasa hapakuwa na umeme wa kuzijaza. Kupeleka matokeo kwa njia ya mtambo nako kukakwama. Watu wakarudi kwenye daftari la karatasi na kalamu. Fundi ye yote wa umeme katika chama chetu angeweza kuwaambia mabwana wakubwa kwamba betri hupimwa kwanza, na chumba hukaguliwa kwanza. Lakini nani aliyemwuliza?

Mwaka 2017 tukaleta mitambo mingine 45,000, tena kutoka kampuni ya Ufaransa. Hapo ndipo ile habari ya ufunguo ilipotokea wazi mbele ya dunia nzima.

Siku chache kabla ya uchaguzi, mwishoni mwa Julai 2017, Chris Msando, mkuu wa mitambo katika Tume ya Uchaguzi, aliuawa, yeye na mwanamke kijana aliyekuwa naye. Huyu alikuwa fundi. Alikuwa mfanya kazi aliyekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, kama wewe. Miaka ikapita bila mtu kuhukumiwa kwa damu yake. Wanaosema kwamba tatizo letu ni kukosa mafundi wa Kiafrika na wamkumbuke huyu. Fundi tulikuwa naye. Hatukumlinda.

Tarehe 8 Agosti tukapiga kura. Waangalizi wakuu wa nchi za nje, wa Umoja wa Afrika, wa Jumuiya ya Ulaya, wa Jumuiya ya Madola na wa kituo cha Carter cha Marekani, walitoa taarifa zao za kwanza mapema, hesabu ikiwa haijakwisha, wakausifu upigaji kura. Nitasema kweli, hawakusema kwamba hesabu yote ni safi. Walisema siku ya kupiga kura ilikwenda vizuri, na aliye na lalamiko aende mahakamani. Lakini mwananchi aliyesikia redio yake alisikia neno moja tu, kwamba wageni wakubwa wamekwisha kubariki. Tarehe 11 Agosti mshindi akatangazwa ilhali fomu zote za vituo hazijapokewa.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamuru mitambo ifunguliwe ili itazamwe. Haikufunguliwa kama ilivyoamriwa. Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake, wanne dhidi ya wawili, wakaufuta uchaguzi wa Rais. Katika Afrika ilikuwa mara ya kwanza mahakama kufuta ushindi wa Rais aliye kitini. Mitambo iligharimu mabilioni ya shilingi, waangalizi walijaa hotelini, lakini waliotuambia ukweli walikuwa majaji wetu wenyewe, wakisoma sheria yetu wenyewe. Ndugu zangu, msisahau.

MAFUNDI WA UPANDE MMOJA

Kuna mgeni wa namna nyingine, naye yafaa tumtenge na hao wengine. Huyu haji kusaidia uchaguzi, huja kusaidia chama kimoja kishinde. Machi 2018 televisheni moja ya Uingereza ilionyesha mkubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica akijisifu, bila kujua anarekodiwa, kwamba kampuni yake ilifanya kazi ya kampeni ya Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2013 na 2017. Na upande wa pili nao haukuwa mikono mitupu. Mwanzoni mwa Agosti 2017 Mmarekani mmoja na Mkanada mmoja, waliokuwa washauri wa upinzani wa NASA, walikamatwa na kufukuzwa nchini.

Basi muungwana asiniambie kwamba ni chama cha fulani tu. Wote waliajiri. Mgeni wa namna hii hasemi hana upande. Upande wake ni ule unaomlipa. Ubaya wake ni gizani. Kama chama kimemwajiri, na kiseme jina lake, kazi yake na mshahara wake. Sisi katika chama chetu cha wafanya kazi hatuwezi kununua hata ream ya karatasi za gazeti hili bila kuonyesha risiti katika mkutano wa mwaka. Kwa nini wale wanaotaka kuitawala nchi nzima wasionyeshe risiti zao?

KARATASI YA MLANGONI

Sasa tufike mwaka 2022. Safari hii kazi ya mitambo ilipewa kampuni ya Smartmatic. Julai 2022 raia mmoja wa Venezuela alikamatwa uwanja wa ndege wa Nairobi akiwa na stika za uchaguzi, na wenziwe wawili wakashikwa pia. Polisi wakasema ni jambo la kutilia shaka. Tume ikasema ni watu wa kampuni iliyoajiriwa, na stika ni za kubandika mitambo. Magazeti yakajaa maneno wiki nzima. Mimi niliwahurumia wale watatu, maana walikuwa watu waliotumwa kazi na tajiri wao. Lakini niliuliza, kwa nini polisi wa nchi na Tume ya nchi wanabishana hadharani kuhusu mtu ambaye jina lake lingeweza kuchapwa gazetini mwezi mmoja kabla hajapanda ndege? Kilichowafanya waonekane wezi ni ukimya wetu.

Halafu likatokea jambo jema. Kura za tarehe 9 Agosti zilipohesabiwa, matokeo ya kila kituo yaliandikwa katika Fomu 34A, mawakala wakatia sahihi, nakala ikabandikwa mlangoni, na picha ya fomu hiyo ikawekwa mahali ambapo kila mwenye simu aliweza kuiona. Vituo vilikuwa 46,229. Watu wa magazeti, wanafunzi, hata vijana wa mtaani walikaa wakijumlisha wenyewe. Ugomvi haukukosekana. Tarehe 15 Agosti makamishna wanne katika saba waliyakana matokeo, na kesi ikaenda mahakamani. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakauthibitisha uchaguzi. Upande ulioshindwa haukufurahi, nao una haki ya kutofurahi. Lakini ye yote aliyesema fomu imebadilishwa aliulizwa: "Ni ya kituo gani?" Kila mtu aliweza kwenda kuitazama.

Mwaona sasa? Kilichotusaidia zaidi ni karatasi, iliyoandikwa kwa mkono na karani wa Kenya ndani ya darasa la shule ya msingi, mbele ya mawakala wa pande zote, usiku wa manane, kwa posho ndogo. Mtambo ulifanya kazi yake inayoufaa, nayo ni kubeba picha ya karatasi ile upesi na kuionyesha kwa watu wote. Mtambo ukiwa tarishi, ni mzuri. Mtambo ukiwa hakimu, na ufunguo wake uko ng'ambo, hapo tumekwisha.

SISI WENYEWE TULIYAONA HAYA

Wazee wa vyama watakubaliana nami, maana jambo hili halikuanza na kompyuta. Wakati wa ukoloni, Kenya Federation of Labour chini ya Tom Mboya ilisaidiwa na wafanya kazi wa nchi za nje, wa shirikisho la ICFTU lililokuwa Brussels, na wa vyama vya Marekani. Nyumba ya wafanya kazi katika Nairobi ilijengwa kwa msaada wa wafanya kazi wa Marekani. Msaada huo ulitufaa. Wakati vyama vya siasa vimepigwa marufuku, sauti ya Mwafrika ilisikika kupitia vyama vya wafanya kazi. Sitamtukana aliyenipa tofali.

Lakini baada ya Uhuru wengine walivutwa na Accra, kwenye shirikisho la vyama vya Afrika nzima, na wengine walibaki na Brussels. Kila upande ulikuwa na rafiki wa nje, na kila rafiki alikuwa na fedha. Mwamba ngozi huvutia kwake. Ikawa katika uchaguzi wa vyama vyetu haikuulizwa tena nani atapigania nyongeza ya mshahara, iliulizwa ni nani mtu wa nani. Mwaka 1965 ugomvi ulifika hata kumwaga damu huko Mombasa, Serikali ikayavunja mashirikisho yote mawili, ikaundwa COTU. Tulipoteza uhuru wetu kidogo kwa sababu tulishindwa kumwambia rafiki: "Ahsante kwa tofali, lakini mwenyekiti tutamchagua wenyewe."

MASHARTI SITA YA KAZI

Mfanya kazi haingii kazini bila masharti. Basi na haya yawe masharti ya mgeni anayekuja kutusaidia uchaguzi. Nayaweka mbele yenu ili myajadili katika matawi.

1. Mkataba usomwe hadharani kabla ya kazi kuanza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: bei, muda, majina ya wakubwa wa kampuni, majina ya wanaokuja, na adhabu ya atakayeuvunja.

2. Ufunguo ubaki Kenya. Namba za siri zishikwe na maofisa wa Tume zaidi ya mmoja, kwa mujibu wa sheria. Na mkataba useme wazi kwamba mahakama ikiamuru mtambo ufunguliwe, utafunguliwa siku hiyo hiyo, hata kama uko ng'ambo.

3. Kila fundi mgeni awe na fundi Mkenya ubavuni mwake, tangu siku ya kwanza, mpaka mgeni asihitajiwe tena. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mimi naongeza, siku ya nne akufundishe kulitengeneza hilo jembe. Tena mafundi wetu walindwe, wao na watu wao.

4. Bwana awe mmoja. Kampuni inayoitumikia Tume isikitumikie chama cho chote cha siasa, wala dada yake, wala mjomba wake.

5. Mwangalizi aseme aliyoyaona tu. Kama ameona foleni, aseme foleni. Kama hajaona hesabu, asitoe neno la sifa litakalosikika kana kwamba ameiona. Na sisi Wakenya sheria hii itubane pia tukienda kwa wengine, kama mwaka 2023 Rais mstaafu Uhuru Kenyatta alipoongoza waangalizi wa Umoja wa Afrika huko Nigeria.

6. Karatasi ya mlangoni iwe juu ya mtambo. Zikitofautiana, karatasi ndiyo itakayosema.

Najua nitajibiwa. Mmoja atasema: "Wewe wataka kutufungia dunia. Hatuna viwanda vya kutengeneza mitambo hiyo." Sikusema tusinunue. Matatu ya ng'ambo tunaziendesha kila siku, lakini funguo za matatu hatuzipeleki ng'ambo jioni. Mwingine atasema: "Ukimfunga mgeni, nani atamwogopesha mkubwa wa hapa anayetaka kuiba?" Hili ni swali la haki, nami silidharau. Mgeni mwenye macho na aje, aangalie, aandike. Serikali inayomfukuza mwangalizi ina jambo inalolificha. Lakini asiyeweza kulinda kura yake mpaka mgeni afike, siku mgeni akikosa ndege ameibiwa.

KAZI YA KILA MWANACHAMA

Mwishowe, ndugu, haya masharti hayataletwa na malaika. Jiandikishe. Siku ya kura, kama umeajiriwa karani, hesabu kwa haki hata kama mtu wako anashindwa, maana siku hiyo wewe ndiwe mtu asiye na upande, na hakuna wa kuagizwa kutoka Ulaya wa kukufanyia kazi hiyo. Kama wewe ni wakala, usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Kama wewe ni mpiga kura tu, rudi jioni uitazame karatasi ya mlangoni, uiandike katika daftari lako. Na akija mtu na mia mbili kukupa jiwe umrushie mwenzako wa zamu, kumbuka kwamba wale 1,133 hawakuwa wakubwa. Mkubwa hafi kwa hesabu ya kura. Tunakufa sisi.

Mashine yetu ile ya kiwandani ilitengenezwa baadaye. Fundi mgeni alirudi, akaifungua, akaifunga tena, akatoa namba ya siri kwa mmoja wa mafundi wetu baada ya chama kukataa kurudi kazini bila hiyo. Haikuchukua muda mrefu, kwa kuwa ilikuwa ni namba sita tu zilizoandikwa katika kipande cha karatasi. Siku tisa tulikaa na njaa kwa sababu hakuna aliyeziomba namba hizo mapema, na hapana mtu aliyezinyima kwa uchoyo. Basi tuziombe namba zetu leo, wakati mashine bado inanguruma.

Umoja ni Nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mjumbe wa Tawi